Maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi: miaka 60 baada ya Mpemba, kwa nini wanasayansi bado hawajaelewana?

#1 Nyuzi Sifuri
Wakuu, habari za humu.

Nina swali lililozaliwa kwetu ambalo sasa linazunguka maabara za Kanada, Austria na Israeli. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaona kuchemsha kunamchelewesha, akachanganya maziwa ya baridi na sukari, akawahi. Mpemba kuona nafasi inakwenda, akatumbukiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa tu.

Leo dunia nzima inaliita jambo hili kwa jina lake. Ila kilichonileta ni hiki: tangu 2017 swali hilo limetoka kwenye friza, baadaye likaingia kwenye fizikia ya kwanta (ya chembe ndogo mno), na mwaka 2024 limepimwa kwenye ayoni (atomi zenye chaji ya umeme), vitu vilevile vinavyotumika kujenga kompyuta za kwanta. Msimamo wangu ni kwamba litatumika kwenye mashine za kesho kabla hatujakubaliana kuhusu kikombe cha maji. Karibuni.

#2 Kigoda cha Mbele
Nimeshawahi siti. Nyuzi kama hizi ndizo zinazonifanya ninunue bando.

#3 Kwamtoro
Mkuu hii ni chai. Chukua maji ya nyuzi 100 na mengine ya nyuzi 35. Ya 100 lazima yapite 35 kabla ya kufika sifuri. Yakifika 35 yamekuwa sawa na yale mengine yalipoanzia, na yale mengine yameshatangulia mbele. Yatayapitaje? Kanuni ya Newton ya kupoa, kwamba kasi ya kupoa inategemea tofauti ya joto la kitu na la mazingira, tumeifanya wote.

#4 Mwl. Chaki
Kwamtoro, ukuta huo huo ndio Mpemba alioukuta alipofika shule ya Mkwawa, Iringa. Walikuwa wakisoma hiyo kanuni ya Newton, akauliza swali lake, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo ikawa akikosea hesabu, darasa zima linasema hizo ni hesabu za Mpemba. Nimefundisha fizikia muda mrefu na kisa hiki kinaniuma kila nikikisimulia darasani, kwa sababu mtoto alikuwa ameona kitu kwa macho yake na mtu mzima akamjibu kwa kitabu.

Sasa hoja yako. Unachukulia kwamba maji yana habari moja tu, yaani joto. Lakini maji yaliyotoka 100 yakashuka hadi 35 hayafanani na maji yaliyoanzia 35. Sehemu yake imeondoka kama mvuke. Hewa iliyoyeyuka ndani imetoka. Na ndani yanazunguka: ya juu yana joto, ya chini yamepoa. Kipimajoto kinakupa namba moja, hakikwambii maji yamefikaje hapo.

#5 Bint wa Chumbageni
Mimi si mwanasayansi, nauza barafu za ubuyu na askrimu za maziwa hapa Tanga, na mama mkwe kauza kabla yangu. Yeye siku zote anafunga pakti ubuyu ukiwa na moto. Ukimuuliza kwa nini, anasema zinawahi.

Nilichokiona mimi: friza yangu ni ya zamani, inajaa theluji chini na ukutani. Pakti ya moto ukiilaza pale inayeyusha theluji chini yake, inazama, inajichongea kitanda. Asubuhi imeshikana na bati kiasi kwamba ukiivuta bila kuimwagia maji nailoni inachanika. Pakti iliyoingia ya baridi inakaa juujuu ya theluji, unaiokota kwa vidole viwili, na katikati bado ina maji. Zile zilizoshikana na bati ndizo ninazowapa watoto wa shule asubuhi maana zimeiva.

#6 Fundi Friji Ilala
Dada wa #5 kamaliza uzi. Theluji inazuia joto kutoka kwenye pakti kwenda kwenye bati. Ndiyo maana kila siku nawaambia wateja wayeyushe friza. Cha moto kinaondoa kizuizi, kinagusa bati lenyewe. Ongeza hapo themostati: ukiingiza sufuria ya moto inahisi joto, kompresa inawaka na haizimi haraka. Kwa hiyo siku uliyoweka cha moto friza ilifanya kazi kubwa kuliko siku uliyoweka cha baridi, halafu unasema maji yana muujiza.

Na nyote mnaotaka kujaribu, angalieni umeme. Kitu cha moto ndani ya friza kinakula uniti na kinapasha vilivyo jirani.

#7 Mwl. Chaki
Fundi, theluji inaeleza friza ya dada, haielezi jaribio lililochapishwa. Dkt. Denis Osborne alikuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaalikwa Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, ukaviweka kwenye friza, kilichoanza na 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akarudi na taarifa kwamba ni kweli ya moto yaliwahi, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi!

Vipimo vya Osborne na Mpemba vilikuwa mililita 70 za maji kwenye bika (glasi za maabara) za mililita 100, na bika zilikaa juu ya povu gumu la plastiki ili chini pasiguse ubaridi moja kwa moja. Yaani kitanda cha theluji cha dada hakikuwepo. Na bado maji yaliyoanza na nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, ya 90 yakawahi mno. Matokeo yalitoka 1969 kwenye jarida la *Physics Education*, majina yote mawili juu.

#8 Kigoda cha Mbele
Huyo fundi wa maabara ana ndugu zake ofisini kwetu.

#9 Kalamu na Rula
Nileteni hesabu maana humu maneno yamekuwa mengi.

Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na jouli kama 2,260. Gramu moja ya maji ikipoa nyuzi moja inatoa jouli 4.2 tu. Chukua gramu 100 za maji yaliyochemka. Gramu 16 zikiondoka kama mvuke zinachukua jouli zaidi ya 36,000. Gramu 84 zilizobaki, kushuka kutoka 100 hadi sifuri, zinahitaji kutoa jouli kama 35,000. Mvuke peke yake unaweza kuimaliza kazi yote ya kupoza! Na baada ya hapo una gramu 84 za kugandisha, mwenzako ana 100. Kugandisha gramu moja ni jouli 334, kwa hiyo umeokoa zaidi ya jouli 5,000 hapo pia.

Mwaka huohuo 1969 Mkanada aitwaye Kell alichapisha hesabu ya namna hii bila kujua habari za Mpemba. Kwangu mimi jibu ni mvuke. Chombo kiwe wazi, basi.

#10 Nyuzi Sifuri
Hesabu tamu sana mkuu. Ila Osborne na Mpemba waliliangalia hilo. Maji yaliyopotea kama mvuke kwenye bika zao hayakutosha kueleza tofauti waliyoiona. Halafu walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Wakaona kwamba joto jingi linatokea juu, na kwamba maji yaliyoanza na moto mkali yanaendelea kuzunguka na kuweka tabaka la joto juu hata wastani wake ukiwa umeshuka. Yaani myuko.

Na pakti za Bint wa Chumbageni zimefungwa fundo. Mvuke unatokea wapi?

#11 Bint wa Chumbageni
Zimefungwa kwelikweli, zikivuja nimekula hasara.

#12 Mswahili wa Edmonton
Salaam kutoka Kanada. Huku kukifika nyuzi 30 chini ya sifuri watu wanatoka nje na kikombe cha maji yanayochemka, wanayarusha hewani. Yanageuka wingu jeupe, hayadondoki. Ukirusha ya bomba yanaanguka chini kama maji. Ya moto yanasambaa kuwa matone madogo zaidi na mvuke wake unaganda papo hapo.

Jambo jingine: kwenye viwanja vya magongo ya barafu, ile gari inayolainisha uwanja inamwaga maji ya moto. Yanayeyusha kidogo barafu ya juu na kushikana nayo, na yana hewa kidogo ndani, barafu inatoka ngumu na angavu. Lakini hapo hawashindani na muda wa kuganda.

#13 Pwani Tulivu
Mkuu wa Edmonton, hata tukiuliza bei ya sukari utaanza na theluji ya huko.

#14 Kwamtoro
Nimerudi, na safari hii na ushahidi. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha kwenye *Scientific Reports* kazi ya kupima upya jambo hili. Walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakarudia kwa hali mbalimbali, na wakapitia pia takwimu za wengine. Hitimisho lao: hakuna ushahidi wa maana kwamba ya moto yanawahi. Wakaonyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo unaweza kujitengenezea muujiza usiokuwepo, kwa sababu ya tabaka zilezile Mwalimu alizozitaja #4.

Kwa hiyo fundi, dada na Kalamu mnagombania kueleza kitu ambacho huenda hakipo.

#15 Mwl. Chaki
Kazi hiyo naiheshimu. Lakini soma ulichoandika: "kufika nyuzi sifuri". Mpemba hakuuliza nani anafika sifuri kwanza, aliuliza nani anaganda kwanza. Hapo ndipo watu wengi wanapishana bila kujua. Kuna aliyepima muda wa kufika sifuri, aliyepima muda wa kuona chembe ya kwanza ya barafu, na aliyepima mpaka chombo kizima kiwe jiwe. Hizo ni saa tatu tofauti.

Na maji yanaweza kupita sifuri bila kuganda. Maji safi, yaliyotulia, yanashuka hadi nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji, halafu ghafla yanashika. Ili yagande yanahitaji mahali pa kuanzia: kavumbi, mkwaruzo kwenye glasi, chochote.

#16 Nyuzi Sifuri
Umenigusa ninapopapenda. Mwaka 1995 Auerbach, Ujerumani, alionyesha kwamba maji yaliyoanza baridi yanaweza kuzama chini zaidi ya sifuri kabla ya kushika, na ya moto yanashika mapema zaidi. Halafu Brownridge, Marekani, akachapisha 2011 baada ya majaribio ya miaka: chagua vichupa viwili, kimoja kina pa kuanzia kuganda kwenye nyuzi za juu kidogo, kingine cha chini zaidi. Ukiweka maji ya moto kwenye kile cha kwanza, yatashinda kila mara. Kumbe chupa ndiyo inayoamua.

#17 Fundi Friji Ilala
Sasa huyo nimemuelewa. Kuna soda ukiitoa kwenye friza ni maji, ukiigonga tu mezani inaganda mkononi. Wateja wanadhani friza ina jini.

#18 Daktari wa Mimea
Mmesahau kundi la bondi za haidrojeni, yaani mvutano unaoshikanisha molekuli za maji. Mwaka 2013 watafiti wa Nanyang, Singapore, walisema siri iko ndani ya molekuli yenyewe: maji yakipashwa, bondi kati ya molekuli zinavutika na zile za ndani ya molekuli zinabanwa kama zinahifadhi nishati, zikipoa zinaitoa haraka. Wengi hawajakubaliana nao.

Na kabla ya hapo, 2012, chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeleta maelezo bora zaidi. Yalikuja majibu zaidi ya 22,000. Aliyeshinda ni Nikola Bregović wa Zagreb, naye alisisitiza myuko na hiyo habari ya kupita sifuri bila kuganda. Hakudai kwamba kafunga mjadala.

#19 Pwani Tulivu
Majibu 22,000 na bado! Kwani profesa Mpemba mwenyewe alisemaje? Si alikuwa mhadhiri wa fizikia hapo Mlimani?

#20 Mwl. Chaki
Hapana Pwani. Mpemba hakuwa profesa wala hakusomea fizikia mbele. Alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, Moshi, na kazi yake ilikuwa uhifadhi wa wanyamapori. Wakati makala ya 1969 inatoka alikuwa upande huo tayari. Na naye alitoa simulizi nzuri ndani ya makala ile: baada ya kukatishwa tamaa na mwalimu wa Magamba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza askrimu Tanga mjini. Rafiki akamwambia wao kila siku wanaweka ya moto ili yawahi kuganda. Mama mkwe wa Bint wa Chumbageni yuko kwenye ukoo wa kitaaluma wa kweli.

#21 Bint wa Chumbageni
Nimemsomea. Kafurahi sana, kaniambia niwaulize mnataka pakti ngapi.

#22 Abu Salim, Muscat
Assalaam alaykum. Huku kiangazi tatizo letu ni kinyume, tenki la juu ya paa maji yake yanachoma mkono. Nauliza: kuna kinyume cha jambo hili, yaani kitu cha baridi zaidi kikapata joto haraka kuliko cha vuguvugu? Na mwenye uzi aliahidi mashine za kesho, mbona tumebaki jikoni?

#23 Nyuzi Sifuri
Wa alaykum salaam sheikh. Kinyume kipo, na ndicho kinachonifurahisha zaidi.

Mwaka 2017 Lu na Raz waliachana na maji kabisa. Waliuliza swali kwa hesabu tupu: mfumo wowote ulio mbali na utulivu unaweza kuwahi kufika kwenye utulivu kuliko ulio karibu? Jibu likatoka ndiyo, kwa masharti fulani, na hesabu zikatabiri pia kinyume ulichouliza. Sababu ni kwamba mfumo hauna njia moja ya kutulia. Basi linalotoka mbali kwa barabara ya lami linaweza kufika kabla ya lililo karibu linalopita kwenye matope. Mwanzo wa moto mkali unaweza kukurusha moja kwa moja kwenye lami.

Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakalipima. Waliweka ushanga wa kioo mdogo sana ndani ya maji, wakautawala kwa leza na kuuwekea mabonde mawili ya nguvu, moja la kina kirefu na jingine kifupi. Wakarudia mara nyingi mno. Pakawa na mwanzo wa moto ambao ulitulia haraka kuliko wa vuguvugu, tofauti kubwa, na safari hii kila kitu kilikuwa chini ya udhibiti: hakuna mvuke, theluji wala chupa ya kulaumiwa. Miaka miwili baadaye wakaonyesha na kinyume chake.

Halafu 2024: Innsbruck, Austria, walitumia ayoni 12 zilizopangwa mstari, na Taasisi ya Weizmann, Israeli, wakaonyesha ule wa kinyume kwenye ayoni moja tu.

#24 Kwamtoro
Na hapo ndipo nasimama. Ushanga si maziwa ya Magamba. Ayoni si ubuyu. Kwenye ile ya Innsbruck hata joto halipimwi, kinachopimwa ni mpangilio uliovunjika unavyorudi. Wamechukua jina kwa sababu ni tamu, kisha mnalirudisha kwenye friza kama ushahidi. Kuthibitisha kwamba jambo linawezekana kwenye mfumo mmoja hakuthibitishi kwamba ndilo lililotokea 1963.

#25 Mwl. Chaki
Hoja hiyo nakuunga mkono nusu. Jina limepanuka. Lakini kilichokuwa kinakataliwa tangu mwanzo ni ile sentensi yako ya #3, kwamba haiwezekani wa mbali kumpita wa karibu. Sasa inajulikana inawezekana. Kilichobaki ni kujua kama maji yanaifuata njia hiyo, na lini.

#26 Kalamu na Rula
Faida yake kwa kompyuta za kwanta ni nini hasa? Hilo sijaelewa.

#27 Nyuzi Sifuri
Kompyuta hizo, hasa za aina ya saketi zinazopitisha umeme bila ukinzani, zinafanya kazi kwenye ubaridi wa sehemu ndogo ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, yaani karibu kabisa na 273 chini ya sifuri. Kila ukimaliza hesabu unatakiwa uirudishe kyubiti (kipande kidogo kabisa cha kubeba habari kwenye kompyuta hizo) kwenye hali yake ya mwanzo, itulie, ndipo uanze nyingine. Kutulia huko ni muda unaopotea, na ukirudia mara milioni ni muda mwingi. Wazo linalochunguzwa ni kwamba badala ya kusubiri, unaisukuma kwanza mbali zaidi kwa makusudi, mahali ambapo njia ya kurudi ni fupi. Haijawa bidhaa ya dukani. Ila ukitazama, ni uamuzi uleule wa kijana aliyeweka maziwa ya moto kwa sababu nafasi ya friza ilikuwa inakwisha.

#28 Mvuvi wa Kirumba
Nimesoma wote kimya. Sisi Mwanza barafu ndiyo uhai, samaki hangoji. Fundi, nikichemsha maji kwanza nitapata barafu mapema?

#29 Fundi Friji Ilala
Usithubutu ndugu yangu. Kwa tani za barafu kuni au gesi ya kuchemshia inakula faida yote, na mtambo wako utalazimika kuliondoa joto lote hilo uliloliongeza. Maji ya 100 yanadai jouli 754 kwa gramu mpaka yawe barafu, ya 35 yanadai kama 480. Nimepiga kwa namba za Kalamu #9. Kuwahi ni jambo moja, gharama ni jingine.

#30 Kalamu na Rula
Sahihi fundi, ila hiyo ni kama hakuna mvuke unaotoka. Chombo kikiwa wazi sehemu ya deni inalipwa na hewa kabla mtambo haujaanza.

#31 Fundi Friji Ilala
Huo mvuke unakwenda wapi kama si kuwa theluji ukutani kwangu? Utanilipa siku ya kuyeyusha.

#32 Daktari wa Mimea
Kidogo nje ya njia: jambo hili lina rekodi ya zaidi ya miaka 2,300. Aristotle aliandika kwamba wavuvi wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, walimwaga maji ya vuguvugu kwenye matete yao juu ya barafu ili yashike haraka. Francis Bacon alilitaja 1620, Descartes 1637. Likasahaulika darasani mpaka askrimu za Magamba. Mvuvi wa Kirumba, wenzako walitangulia.

#33 Mwl. Chaki
Nina ombi kwa wenye friza. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji ya chupa moja, gramu sawa kwa mzani wa jikoni, chini weka povu au kitambaa kizito, na visikae pamoja ndani ya friza kwa wakati mmoja. Kisha badilisha vikombe ili tuijibu hoja ya Brownridge. Andikeni saa tatu zote: kufika sifuri, chembe ya kwanza, na kuwa jiwe. Nitawapa na wanafunzi wangu, ila sitawaambia jibu linalotarajiwa.

#34 Kwamtoro
Nitafanya. Vikombe vyangu ni vya kauri lakini.

#35 Bint wa Chumbageni
Kauri itakuchelewesha, kaka. Tafuta bati.